Mwezi Haumo Kwenye Fomula

Kuna swali ambalo halikosekani kwenye dodoso la mwanafunzi wa MBA anayetafiti biashara ndogo huku kanda ya ziwa: "Mapato yako kwa mwezi ni kiasi gani?" Chini yake visanduku vinne: chini ya 100,000; 100,000 hadi 300,000; 300,000 hadi 500,000; zaidi ya 500,000. Kwenye karatasi linapendeza. Lipeleke Igombe au Kayenze, mialo (fukwe za kutua mitumbwi) ya Ziwa Victoria mkoani Mwanza, kwa mama anayeanika dagaa, halafu uone.

Dagaa huvuliwa usiku kwa taa. Mwezi ukishakuwa mkubwa angani taa hazivuti kitu, na mitumbwi inalala ufukweni kama wiki moja, wakati mwingine siku kumi. Mama huyo basi ana siku kama ishirini za kazi na nyingine za kukaa, na ukimtajia "mwezi" atakuuliza: wa giza au wa mbalamwezi? Asipokuuliza ndiyo mbaya zaidi. Atajibu kwa mwezi ulio kichwani mwake, nawe utaandika ule ulio kichwani mwako. (Na yule ambaye mapato yake ni 300,000 kamili, atie tiki wapi? Visanduku viwili vinamgombania.)

Somo la mbinu za utafiti hufundishwa kama msamiati. Unakariri falsafa za utafiti, aina za sampuli, majina ya vipimo, unafaulu mtihani, kisha unafika mwaloni na karatasi zako na hakuna hata neno moja kati ya hayo linalokuambia umuulize nani, siku gani, kwa maneno yapi. Maamuzi hayo matatu ndiyo yanayobeba tasnifu. Yakikosewa, SPSS, ile programu ya takwimu, haiwezi kuyarekebisha. Itakupa majedwali mazuri ya kitu ambacho hukupima.

Tuchukue mada moja twende nayo hadi mwisho, maana mbinu bila mada ni hewa.

Sentensi inayoua mapendekezo mengi ya utafiti ni hii: "Utafiti wa aina hii umefanyika Dar es Salaam na Nairobi lakini haujafanyika Mwanza." Hilo si pengo. Haujafanyika Buhongwa pia, wala Mkuyuni, wala kwenye mtaa wako. Pengo ni pale unapokuwa na sababu ya kutegemea kwamba mambo hapa yatakwenda tofauti, na unaweza kuitaja sababu hiyo kwa sentensi moja. Mfano: mikopo mingi ya vikundi ina rejesho la kila wiki, na hesabu yake inadhani mkopaji anaingiza fedha kila wiki. Mchakataji wa dagaa haingizi fedha kila wiki, kwa sababu ya mwezi. Je, ratiba ya rejesho inahusiana na kuchelewa kulipa? Hapo una tatizo, una sababu ya kulitafiti hapa, na una vigeu, yaani mambo yanayobadilika, vinavyopimika. Kigeu huru, kinachodhaniwa kuleta tofauti, ni ratiba, ya kila wiki au ya kila mwezi. Kigeu tegemezi, kinachodhaniwa kukifuata, ni siku za kuchelewa, ambazo huhitaji kumuuliza mtu, ziko kwenye daftari la kikundi.

Hilo la daftari usilipite haraka. Wanafunzi wa biashara wana tabia ya kupima kila kitu kwa maoni: "Mimi hulipa mkopo wangu kwa wakati: nakubali kabisa, nakubali..." Nani atatia tiki kwenye "sikubali" mbele ya mgeni? Kama kuna kumbukumbu, iwe daftari la kikundi, risiti, au taarifa ya miamala ya simu ambayo mhojiwa mwenyewe ameridhia uione, hiyo ndiyo data. Maoni yabaki kwa mambo ambayo kweli ni maoni.

Mapitio ya maandiko nitayapita upesi. Tumia Zotero, programu ya kutunza marejeo, tangu siku ya kwanza, ni bure. Soma makala ukiwa na swali, andika kwa kila moja mistari mitatu: walipima nini, kwa nani, walipata nini. Na usiweke rejeo ambalo hukulifungua kwa macho yako. Siku hizi programu za akili mnemba zinatunga makala zisizokuwapo, zenye majina ya waandishi na kurasa kabisa, na mtahini anayejua fani yake huzigundua dakika tano tu.

Orodha kwanza, fomula baadaye

Mwanafunzi akisikia sampuli anakimbilia fomula ya Yamane ya kukokotoa ukubwa wake. Fomula ya 1967, n = N ÷ (1 + N × e²), ambapo n ni sampuli, N ni watu wote unaowatafiti na e ni kosa unalolivumilia, inatoka vizuri kwenye kikokotoo na ndiyo sababu inapendwa. Tuseme wachakataji walioorodheshwa kwenye mialo ya Ilemela unayoitafiti ni 1,200 (namba ya mfano tu). Kwa e ya 0.05: 1,200 × 0.0025 ni 3, ongeza 1 ni 4, gawanya, 300. Jedwali la Krejcie na Morgan la 1970 kwa N hiyohiyo linasema 291. Tofauti ya tisa inatokana na kwamba Yamane anatumia 2 pale wenzake wanapotumia 1.96, namba ya uhakika wa asilimia 95. Hakuna uchawi zaidi ya hapo, na msimamizi anayekukatalia moja kwa sababu anaipenda nyingine anakupotezea wiki.

Ila jiulize 1,200 imetoka wapi. Imetoka kwenye orodha, na orodha ya mwaloni ina tabia zake. Kuna walioandikishwa wakahamia Ukerewe au Kome. Kuna biashara ya mke iliyoandikwa jina la mume. Kuna mama mmoja aliye mara mbili, kwa jina la kitambulisho na kwa jina la mtoto wake wa kwanza. Na kuna ambao hawamo kabisa: wanaoanza, wanaokodi nafasi ya kuanikia kwa mtu, wanaokuja msimu ukichanganya. Hawa wa mwisho mara nyingi ndio wenye mtaji mdogo, yaani ndio wanaochelewa rejesho. Ukiwakosa hao, umekosa tatizo ulilokuja kutafiti.

Ipime orodha kabla ya kuitumia. Chukua majina 30 kwa bahati nasibu, mtafute kila mmoja kwa kushirikiana na viongozi wa BMU, kikundi kinachosimamia uvuvi mwaloni. Sita wasipopatikana, moja ya tano ya orodha yako ni hewa, na N yako ya kweli iko karibu na 960. Kazi hiyo ni ya siku mbili na inakupa aya ya sura ya tatu, ile ya mbinu, ambayo wenzako wengi hawana.

Kuna mambo mengine matatu ambayo fomula haikuambii.

Kwanza, haijali sana ukubwa wa mji. Sensa ya 2022 iliwahesabu watu 3,699,872 mkoa wa Mwanza; waweke wote kwenye Yamane utapata 400. Kutoka 1,200 hadi zaidi ya milioni tatu na nusu, umeongeza watu 100 tu. Kwa hiyo usijivunie N kubwa. Na usiifiche N ndogo kwa kubadilisha e: wapo wanaoweka 0.10 ili 300 igeuke 93, bila kusema kwamba sasa wakikuta nusu ya watu wanachelewa, ukweli unaweza kuwa popote kati ya asilimia 40 na 60.

Pili, fomula hizi ni za kukadiria asilimia katika sampuli nasibu sahili, ambayo kila mtu ana nafasi sawa ya kuchaguliwa. Kama unalinganisha makundi mawili, hesabu ni nyingine. Kugundua tofauti ya wastani ya ukubwa wa kati kwa nguvu ya asilimia 80 (uwezekano wa kuiona tofauti ikiwapo) kunahitaji watu 64 kila kundi, 128 jumla. Kwa regresheni, yaani kukadiria kigeu kimoja kutokana na vingine, kanuni ya Green ya 1991 inasema angalau 50 ongeza mara nane ya idadi ya vigeu huru. Vigeu vitano, watu 90. Programu ya G*Power ni bure na inakupa namba hizo kwa dakika moja. Mtahini akiuliza kwa nini 300, jibu la "Yamane" ni nusu ya jibu.

Tatu, na hili ndilo linalosahauliwa: kama hukuchagua watu bali ulichagua mialo 15 kisha watu 20 kila mwalo, hao 20 wanafanana. Wanauza kwa madalali walewale, mvua ikiwanyeshea dagaa inawanyeshea wote. Sampuli yako ina watu 300 lakini ina habari za watu wachache zaidi. Hesabu yake: 1 + (m – 1) × r, ambapo m ni watu kwa mwalo na r ni kiwango cha kufanana kwao. Kwa m ya 20 na r ndogo tu ya 0.05 unapata 1.95. Ili habari zako zilingane na za 300 waliotawanyika, unahitaji 585. Mwanafunzi hana fedha hiyo, naelewa. Basi chukua mialo mingi na watu wachache kila mmoja. Nauli itapanda kidogo, lakini watu 10 kwenye mialo 30 wanakupa zaidi ya 20 kwenye 15.

Ongeza wasiopatikana na wanaokataa. Ukitegemea asilimia 15, gawanya 300 kwa 0.85, unapata 353. Usijumlishe 45, si hesabu ileile.

Tarehe

Sasa rudi kwenye mwezi. Dodoso 353, wewe na wasaidizi wawili, kila mmoja dodoso nane kwa siku (zaidi ya hapo wanaanza kutunga, ukweli ndio huo). Ni 24 kwa siku, siku 15. Mzunguko wa mwezi ni siku 29 na nusu. Siku zako 15 zinaweza kuangukia giza tupu, ukakuta watu wana fedha na hawana muda. Au zikabeba mbalamwezi yote, ukakuta wana muda wa kukusikiliza na hawana fedha. Ratiba mbili, matokeo mawili, mwaloni uleule.

Kosa baya zaidi ni la mpangilio. Mwanafunzi anamaliza Igombe wiki ya giza, kisha anahamia Kayenze wiki ya mbalamwezi kwa sababu ndivyo nauli ilivyopangika. Baadaye anaandika kwamba wachakataji wa Kayenze wanachelewa rejesho zaidi ya wa Igombe. Hajui kama amelinganisha mahali au amelinganisha mwezi. Vimeungana na hakuna kipimo cha takwimu kitakachovitenganisha. Dawa ni kugawa kila mwalo mara mbili: nusu ya dodoso giza, nusu mbalamwezi, hata kama ni kwenda mara mbili. Kwa soko la mwaloni Kirumba, ambako dagaa wanafika wakiwa wakavu na wanunuzi wengine wametoka hadi Kongo, athari ya mwezi inachelewa siku kadhaa, kwa hiyo kalenda ya huko haifanani na ya wanaoanika. Na mvua za masika zina hesabu yake: dagaa hawakauki, bei inaanguka, wengine wanamwagwa. Kusanya Aprili au kusanya Julai, ila uandike ni lini na inabadilisha nini.

Dodoso kwa Kiswahili cha watu

Tasnifu nyingi huandikwa kwa Kiingereza, dodoso linatafsiriwa usiku mmoja kabla ya kwenda uwandani. Hapo ndipo vipimo vinapofia.

Chukua neno "mapato". Kwa mmoja ni mauzo yote, kwa mwingine ni faida, kwa wa tatu ni kile kilichobaki baada ya kula. Usiliweke. Uliza: "Siku ya mwisho uliyouza, uliuza shilingi ngapi?" Kisha: "Siku hiyo ulitumia ngapi kununua dagaa wabichi? Kubebesha? Vibarua wa kuanika? Ushuru? Nauli?" Kisha: "Giza lililopita ulifanya kazi siku ngapi?" Hesabu utaipiga mwenyewe. Siku ya mwisho inakumbukwa; wastani wa mwaka haukumbukwi na mtu yeyote, hata wewe hujui unatumia vocha ya kiasi gani kwa mwaka.

Vipimo vya bidhaa ni msitu mwingine. Ndoo, beseni, debe, sado, gunia. Sado ni kopo la rangi la lita nne, debe ni lita 20, lakini sado ya dagaa inaweza kuwa ya kusawazisha au ya mlima, na gunia linaweza kuwa lumbesa, lililojazwa kupita mdomo wake. Nenda na mzani. Pima sado kumi kila mwalo, chukua wastani wa kilo, andika. Usipofanya hivyo utajumlisha magunia ya watu wawili kama vile ni kitu kimoja.

Mizani ya Likert, ile ya "nakubali kabisa" hadi "sikubali kabisa", ina mitego yake. "Sina uhakika" katikati ya "nakubali" na "sikubali" ni kosa: mtu anaweza kuwa na uhakika kabisa kwamba yuko katikati, na anaweza kukubali bila uhakika. "Kati na kati" inaeleweka zaidi. Epuka ukanushi mara mbili. "Sijawahi kutoridhika na masharti" ukikubali umesema nini? Epuka sentensi yenye mambo mawili: "Riba ni nafuu na masharti ni rahisi." Mtu anaona riba ni nafuu na masharti ni mateso. Atatia tiki wapi?

Halafu kuna adabu. Kijana anamwamkia mama shikamoo, anasoma sentensi, mama anajibu "ndiyo mwanangu". Sentensi ya pili, "ndiyo mwanangu". Amekubali kwa heshima. Utaliona kwenye data kama mstari wa nne-nne-nne-nne. Njia nyepesi inayosaidia ni kuacha kumsomea akubali au akatae. Weka kokoto tano mbele yake, mwambie atenge ngapi, tano ni "sana" na moja ni "hata kidogo". Mkono ukifanya kazi, akili inalazimika kuchagua. Kwa wazee wa ndani kidogo, Magu au Kwimba, wanaozungumza Kisukuma zaidi ya Kiswahili, maneno ya Kisukuma yakubaliwe na wasaidizi wote mapema, yaandikwe. Kila msaidizi akitafsiri papo hapo una madodoso matatu tofauti, si moja.

Baada ya kutafsiri, mpe mtu mwingine asiyeona la Kiingereza alirudishe kwenye Kiingereza. Linganisha. Palipoachana ndipo penye tatizo.

Jaribu kwa watu 20 hadi 30 mahali ambapo hutakusanya data. Kipimo cha kwanza cha majaribio ni saa: likizidi dakika 25, kata. Cha pili ni kumuuliza mhojiwa, "Swali hili umelielewaje?" Alfa ya Cronbach, kipimo cha jinsi sentensi za dodoso zinavyoendana, ije baada ya hapo. Na kuhusu alfa, kanuni ya 0.7 inatumiwa kama hirizi. Alfa hupanda kwa kuongeza sentensi tu. Sentensi zinazohusiana kwa wastani wa 0.3 zikiwa nne zinatoa 0.63, umeanguka, zikiwa kumi, zenye ubora uleule, zinatoa 0.81, umepita. Ikizidi 0.95 ujue umeuliza swali moja kwa maneno kumi. Ikitoka hasi, karibu kila mara kuna sentensi ya kinyume ambayo hukugeuza alama zake.

Vibali: barua ya chuo, kwa Katibu Tawala wa Mkoa, kisha wilaya, kisha mkurugenzi wa halmashauri, mtendaji wa kata, na mwaloni uongozi wa BMU. Tenga wiki mbili hadi nne, fanya nakala za kutosha. Asiye raia anahitaji kibali cha COSTECH, Tume ya Sayansi na Teknolojia. Mwenyekiti wa BMU akutambulishe, kisha umshukuru na umwombe akuache: mhojiwa hatasema ukweli wa mkopo wala wa ushuru akiwa amesimama pembeni. Wewe mwenyewe ukija na shati la kuchomekea na karatasi zenye nembo, watu watakudhani wa TRA au wa manispaa. Eleza kwanza wewe ni mwanafunzi, eleza kwamba anaweza kukataa. Majina yakae kwenye faili moja, majibu kwenye jingine, yaunganishwe kwa namba. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, iliyoanza kutumika Mei 1, 2023, haimsamehi mtu kwa kuwa ni mwanafunzi.

Kukusanya kwa simu kupitia programu ya KoboToolbox ni nafuu kuliko karatasi, na haihitaji intaneti ukiwa mwaloni. Unatuma ukirudi mjini. Weka vizuizi: umri kati ya 18 na 90, siku za kazi zisizidi 31, anayesema hana mkopo asiulizwe riba. Ila vizuizi vikizidi ukali, msaidizi anajifunza kuandika namba inayokubalika badala ya ile aliyoambiwa. Angalia data kila jioni, si mwisho wa mwezi.

Kabla ya kubonyeza kitufe

Usafi wa data unachosha na hauna sifa, lakini fanya. Mfano mmoja: wahojiwa 50, watatu hawakutaja umri, ukawapa 99 kama alama ya "hakuna jibu" ukasahau kuiambia SPSS. Kama wale 47 wana wastani wa miaka 34, jedwali lako litasema 37.9. Hakuna onyo lolote litakalotokea kwenye skrini.

Mauzo hayakai kwa usawa. Watu tisa wanauza 10,000 kwa siku, wa kumi ni mfanyabiashara wa jumla, 500,000. Wastani ni 59,000, na hakuna hata mmoja anayeuza karibu na kiasi hicho. Ripoti kati (thamani ya katikati ukizipanga kwa ukubwa), yaani 10,000, na ukienda kwenye regresheni chukua logi ya mauzo. Wanafunzi wengi hupima kama kila kigeu kimoja kimoja kina umbo la kengele. Kwenye regresheni ni masalia, yaani tofauti ya kilichopimwa na kilichokadiriwa, ndiyo unayoyachunguza, si vigeu.

Kama kwenye dodoso la maoni unapata R² (sehemu ya tofauti za kigeu tegemezi inayoelezwa na vigeu huru) ya 0.92, usisherehekee. Umemuuliza mtu yuleyule, kikao kilekile, kwa mizani ileile, kama mkopo ni mzuri na kama biashara yake ni nzuri. Ulichopima ni hali yake ya asubuhi ile. Hii ni sababu nyingine ya kutafuta daftari.

Na neno "athari". Linapendwa kwenye vichwa vya tasnifu: athari za mikopo kwa biashara za wanawake. Chukua mikopo ya halmashauri, ile ya asilimia 10 ya mapato ya ndani, nne kwa wanawake, nne kwa vijana, mbili kwa watu wenye ulemavu. Waliopata walishajisajili kama kikundi, waliandika andiko, walifuatilia ofisini. Wangeweza kufanikiwa hata bila mkopo. Na wewe ukienda sokoni unawakuta waliobaki. Waliokopa wakafilisika hawana meza ya kukukaribisha. Tuseme (namba za mfano) waliokopa walikuwa wanauza 40,000 kwa siku, sasa 60,000. Wasiokopa walikuwa 38,000, sasa 53,000. Mwanafunzi anaandika mkopo umeongeza 20,000. Wasiokopa nao wameongeza 15,000 kwa mambo mengine ya soko, kwa hiyo cha mkopo hakizidi 5,000, na hapo tumekubali kwamba makundi yote mawili yangepanda sawa. Usipokuwa na vipimo vya kabla na baada, andika "uhusiano". Si aibu.

Kuhusu mahojiano ya kina, watu huuliza wangapi wanatosha. Utafiti wa Guest na wenzake wa 2006, uliotumia mahojiano 60 ya wanawake wa Ghana na Nigeria, uliona mada nyingi zimeshajitokeza kufikia mahojiano ya 12. Namba hiyo inanukuliwa kila mahali bila sharti lake: wahojiwa wanaofanana, maswali yaleyale. Ukiwa na wenye mitumbwi, wanaoanika na madalali, hao ni makundi matatu, na 12 zako zimegawanyika nne-nne. Panga pia muda wa kunakili: saa moja ya sauti ni saa nne hadi sita za kuandika, zaidi kama upepo wa ziwa umeingia kwenye rekodi. Dondoo ziache kwa Kiswahili, tafsiri yake iwe chini. "Rejesho linanikuta mwezi uko juu" haliwezi kuingia Kiingereza bila kupoteza nusu yake.

Sura ya tatu iandikwe kwa wakati uliopita: si "mtafiti atachagua", bali ulichagua, kwa njia hii, wakakataa wangapi, ulibadilisha nini. Wanaonakili sura hiyo kutoka kwenye pendekezo wanajikuta wakielezea utafiti ambao haukufanyika. Na kwenye viambatisho weka jedwali moja la safu tano: tarehe, mwalo, jina la siri la msaidizi, dodoso zilizokamilika, giza au mbalamwezi. Linajaa kurasa mbili tu. Mtahini wa nje akikuuliza mbona Kayenze wanachelewa kuliko Igombe, unamfungulia hapo.